Vyuma vya Inchi Nne

Binti yangu Jelagat alinipa nafasi moja tu, na aliitoa kwa Kiingereza huku akila kiamsha kinywa amesimama. Alisema atapanda pikipiki ya theluji mara moja msimu huu, kwa sababu mwezi wa nane anakwenda chuoni na hataki nizunguke nikiwaambia watu kwamba alikataa. Mashine ikigoma kukata kona kama mwaka jana, atashuka, na mimi nisimwombe tena. Nikamwambia sawa. Kisha nikaenda kazini Rockville, na kwenye foleni ya barabara ya 270 nikakaa dakika hamsini nikiwaza kona.

Tuelewane kuhusu hiyo pikipiki. Sikuitafuta. Miaka kumi iliyopita mzungu mmoja niliyefanya naye kazi ya kompyuta alistaafu akahamia Florida, akaniachia pikipiki na trela yake, kwa kuwa hata yeye alikiri kwamba Florida hazihitajiki. Ni chombo cha ajabu kidogo. Mahali pa gurudumu la nyuma pana mkanda mpana wa mpira unaosukuma, na mahali pa gurudumu la mbele pana skii mbili. Chini ya kila skii kuna ufito wa chuma uliopachikwa kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma chenyewe, ambacho kazi yake ni kuuma barafu ili mashine igeuke unapogeuza usukani. Huku kwetu Germantown theluji ya maana huanguka mara mbili kwa mwaka na kuyeyuka kabla hujaipata glavu ya pili, kwa hiyo inabidi tuivute pikipiki saa tatu hadi kaunti ya Garrett, milimani, ambako kuna njia za msituni. Chama cha wenye nyumba cha mtaa wetu kimeshaniandikia barua nne kuhusu trela. Ya nne ilikuwa na picha.

Jelagat alianza kupanda akiwa na miaka saba. Nilimkalisha mbele yangu, katikati ya mikono yangu, tukaenda mwendo wa mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha. Alipofika kumi na tano tukabadilishana: yeye mbele kwenye usukani, mimi nyuma. Nampenda mwanangu, na sijui kuzungumza naye. Nikimuuliza habari za shule ananiambia ni nzuri, na habari zinaishia hapo. Kwenye pikipiki hatukuhitaji kuzungumza, na tulikuwa tunarudi nyumbani tumecheka. Kwa mwaka mzima hatukuwa na jambo jingine la pamoja.

Halafu mwaka jana, mwezi wa pili, alikata kona ya kushoto na mashine haikukata. Aligeuza usukani mpaka mwisho, skii zikageuka, na sisi wawili tukaendelea kunyooka kama watu wenye miadi na ua wa mbao. Mimi niliangukia theluji. Yeye alivunjika mtulinga. Mke wangu Chepkirui ni nesi. Alimvua koti taratibu bila kusema neno, nami nikajua neno linakuja. Lilikuja tulipokuwa garini, likadumu kutoka Cumberland mpaka Frederick. Alikuwa ameniambia tangu Krismasi niipeleke ile mashine ikaangaliwe. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu asiyesikia alikuwa baba, na aliyevunjika alikuwa mtoto.

Kwa hiyo safari hii nikamwendea Shamte.

Shamte ni mtu wa Tanga. Ana gereji Gaithersburg. Kiangazi hutengeneza mashine za kukatia nyasi, kipupwe hutengeneza za theluji, na amefanya hivyo kwa miaka ishirini. Kumwendea kuliniuma kidogo. Mimi nimezaliwa Nandi Hills, ambako mvua ya mawe hunyoa shamba la chai mchana mmoja likabaki vijiti. Nimetembea juu ya barafu kwenda shule, miguu mitupu, kabla Shamte hajaifungua friji yake ya kwanza. Lakini mwenye gereji alikuwa yeye.

Aliinama akapitisha kidole chini ya skii.

"Hivi vyuma vimekwisha, ndugu yangu. Laini kama mpini wa kijiko. Havishiki kitu. Nani anaiendesha?"

"Jelagat."

"Ana uzito gani?"

"Huyo ni mtoto, Shamte. Anakua."

"Mtoto wa miaka mingapi?"

"Seventeen."

Alinitazama kidogo, akafuta mikono.

"Haya, sikiliza. Skii inabeba, chuma kinashika. Njia za kule Garrett zimeshindiliwa, ngumu. Skii pana za nini? Pana ni za theluji laini, za kuelea. Wewe chukua nyembamba, yenye mkuku wa kutosha." Akanionyesha ule ukingo uliotokeza chini ya skii, kutoka mbele mpaka nyuma. "Halafu kabaidi ya inchi nne, basi. Ukizidisha, usukani unakuwa mzito, na mashine inaanza kuingia kila mfereji walioacha wenzio."

"Na ziko hadi inchi ngapi?"

"Zipo mpaka kumi. Hizo ni za watu wazito, wanaokwenda mbio kwenye barafu tupu."

Nikamshukuru sana. Nikafika nyumbani, nikakaa sebuleni, nikaagiza za inchi kumi, na skii pana kuliko zote.

Nitajieleza, ingawa najua haitasaidia. Mimi ni mtoto wa tano kati ya tisa. Nilikotoka hakuna mzazi aliyemnunulia mtoto kitu cha kumtosha. Kaptula yangu ya darasa la kwanza ilinifika chini ya magoti na nilikuja kuiacha darasa la nne, tena kwa kuwa ilichanika. Viatu vilijazwa magazeti mbele mpaka mguu ufike. Mtoto aliyevaa kitu cha saizi yake alihurumiwa, maana kila mtu alijua kwamba kufikia Pasaka kitakuwa kimemshinda. Unanunua cha kukulia. Huo ndio uzazi. Sasa mtu mzima na akili zako unaonyeshwa nne na kumi, halafu uchukue nne?

Sanduku lilipofika Chepkirui aliusoma ule upande wenye maandishi, wote.

"Baba Jelagat, hizi ndizo Shamte alisema?"

"Alisema ziko mpaka kumi."

"Sijauliza ziko mpaka ngapi."

Nilimwambia ufundi una mambo yake. Nikazifunga mwenyewe Jumamosi, nikisaidiwa na video ya kijana mmoja wa Minnesota ambaye hakuwahi kuonyesha uso. Zilionekana vizuri. Zilionekana kama kitu ambacho mtu amekifanyia uamuzi.

Theluji nzuri ilianguka Garrett wiki ya tatu ya Januari. Tulifika saa nne asubuhi, Jelagat akashuka, akakunja mikono ya koti lake mara mbili, akavaa kofia ngumu. Hakusema kitu kuhusu mtulinga lakini niliona mkono wake umeushika pale ulipokuwa umevunjika. Aliogopa. Mwanangu aliogopa na bado alipanda, kwa sababu aliniahidi, na hapo ningetosheka tukarudi nyumbani.

Aliwasha akaondoka peke yake, pole pole, kwenye uwanja ulio kabla ya msitu. Akajaribu kugeuka kushoto. Usukani haukusogea. Akauvuta kwa mikono miwili, mabega yamemkwea masikioni, na mashine ikageuka nyuzi chache, kisha ikauona mfereji ulioachwa na pikipiki nyingine, ikauingia, ikakaa humo. Ikamchukua kulia. Alipoitoa ikaona mfereji mwingine, ikampeleka kushoto. Ilikuwa inafuata nyayo za watu wote waliopita pale tangu Ijumaa. Baada ya mita mia moja aliizima, akashuka, akairudia njia yake kwa miguu mpaka niliposimama, akanikabidhi ufunguo.

"Okay," alisema. "I tried."

Nikamwambia ni mpya tu, itazoea. Akasema, kwa sauti ya mtu anayemfunza mdogo wake, kwamba chuma hakizoei.

Nikaenda kuichukua mwenyewe. Mimi si mtu mdogo, na nilihitaji mwili wote kuikata kona moja. Ya pili niliikosa. Mashine ikanipeleka, kwa heshima zote, mpaka kwenye meza ya familia iliyokuwa inakunywa kakao, nikasimama karibu kiasi cha kuweza kumimina. Nikawasalimu. Wakanisalimu. Jelagat alikuwa ameshaingia garini.

Safari ya kurudi ilichukua saa tatu. Jelagat aliziba masikio yake na muziki akaangalia nje, nami nikaendesha nikijua kwamba nafasi ilikuwa moja, nimeipata, nimeitumia vibaya. Agosti ilikuwa imebakiza miezi saba.

Jumamosi iliyofuata Shamte akatokea nyumbani bila kuitwa na mimi. Chepkirui ndiye aliyempigia. Aliingia kwenye gereji yetu, akapiga magoti mbele ya skii, akaangalia, akasema Innalillahi. Kisha akainuka.

"Niitie mwenye mashine."

"Mwenye mashine ni mimi."

"Niitie anayeiendesha."

Nilidhani Jelagat hatakuja. Lakini mgeni akikuita unakuja, hilo tulifaulu kumfunza, na akaja na soksi akamwamkia shikamoo, kama alivyozoezwa na Shamte mwenyewe tangu utotoni. Shamte akaitikia marahaba, akageuza ndoo akaikalia, akamuuliza mashine ilifanya nini.

Jelagat akamweleza. Alieleza kwa Kiingereza, kwa mikono, kwa dakika kumi nzima. Sikujua kwamba binti yangu ana dakika kumi. Alisema ya juzi ilikuwa inamvuta kama mbwa aliyenusa kitu. Shamte akatikisa kichwa, akamuuliza na ile ya mwaka jana, ya kwenye ua? Akasema ile ilikuwa kinyume chake. Kabla ya kona alihisi usukani mtupu, mwepesi, kama haujaunganishwa na kitu. Kumbe alijua. Mimi nilikuwa nimekaa mgongoni pake siku ile na sikuwahi kumuuliza.

"Mlikuwa wangapi?" Shamte aliuliza.

Jelagat akanitazama mimi.

"Wawili," nikasema.

"Wewe umekaa nyuma?"

"Nyuma."

"Una kilo ngapi, Mutai?"

"Mia na kitu."

"Kitu gani?"

"Ishirini."

Shamte akakuna kidevu. Aliyasema yaliyofuata bila ubaya wowote, vile anavyokuambia oili imekwisha. "Basi ndiyo hiyo. Vyuma vimeisha, halafu wewe na kilo zako umekaa mkiani. Pua inainuka. Hata chuma kipya kisingeuma hapo, kitauma hewa? Yeye hakukosea kitu."

Mwaka mzima nilikuwa nimevilaumu vile vyuma. Mara moja moja, kimoyomoyo, nilikuwa nimemlaumu na mtoto, kwamba pengine alichelewa kugeuza. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilitaka kusema samahani, lakini Shamte alikuwa amefika kwenye swali jingine.

"Na wewe mwanangu, kilo ngapi?"

"Fifty-two."

"Tangu lini?"

"I don't know. Ninth grade?"

"Lakini bado anakua," nikasema.

Jelagat huzungumza Kiswahili kama mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili huwa sizifurahii. Alinigeukia.

"Baba, mimi nilimaliza kukua. Kitambo." Akanyoosha mikono mbele, kama aliyevaa lile koti. "Hiyo jacket ulininunulia nikiwa ninth grade. Ulisema nitakua. Ile baiskeli, pia ulisema. Hata viatu vya graduation ya eighth grade. Mimi sijawahi vaa kitu inanitosha."

Hakupaza sauti. Akamwambia Shamte asante, akaingia ndani.

Shamte aliangalia paa la gereji muda mrefu kuliko linavyostahili. Nilimwambia, ili kusema kitu, kwamba kwetu tulikuwa watoto tisa. Akasema kwao walikuwa kumi na mmoja.

Baadaye akaleta kutoka kwenye gari lake skii nyembamba za mkuku, na maboksi mawili.

"Kuna namna mbili. Hizi ni inchi saba. Nikifunga hizi na kukaza springi za mbele, mnaweza kwenda wawili. Usukani utakuwa mzito kwake, lakini mkienda pole pole ataweza. Hizi ni nne. Hizi ni za kilo hamsini na mbili. Atakata kona anavyotaka. Ila nikifunga hizi wewe hupandi nyuma. Ukipanda, tunarudi kwenye ua."

Nilitaka saba. Naona bora niseme wazi. Nilizitaka zile saba kwa moyo wote, kwa sababu msimu ulikuwa umebaki na labda siku moja ya theluji, na mimi nilikuwa nimeiwaza siku hiyo tangu mtulinga ulipounga: yeye mbele, mimi nyuma, hakuna anayelazimika kuulizwa habari za shule. Hata zile za inchi kumi, nikijichunguza, sikuzinunua kwa ajili ya kukua kwake peke yake. Nilijua zinaweza kubeba watu wawili.

"Nne," nikasema.

"Una hakika?"

"Funga nne, Shamte. Usiniulize tena."

Hakuuliza tena. Alikwenda kwenye mlango wa jikoni, akaita ndani. "Jelagat! Nafunga vyuma vyako!"

Akauliza kutoka ndani: "Whose?"

"Vyako wewe."

Chepkirui alikuwa humo jikoni, na baadaye aliniambia kwamba mtoto alisimama akiushika mlango wa friji, hafungui wala hafungi. Halafu tukasikia: "Okay."

Theluji ilikawia. Februari ikaja na mvua, na watu wote Germantown wakashukuru kwa kutokukwama barabarani isipokuwa mimi. Mwishowe wikendi ya mwisho ya mwezi Garrett ikapata inchi tisa, njia zikashindiliwa, na tukafika mapema, mimi na Jelagat tu, kukiwa na baridi ya kukata masikio. Nilikagua mbele na nyuma, nikakagua tena. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba naweza kuiacha sasa.

Alianzia kwenye uwanja ule ule. Aligeuza usukani kwa vidole, na mashine ikageuka. Akageuza upande wa pili, ikageuka. Alipita juu ya mifereji ya watu bila kuitazama. Akachora duara, akachora jingine dogo zaidi ndani yake, akaongeza mwendo, na nilipokuwa nimesimama nilimwona akicheka peke yake. Sijui mara ya mwisho nilimwona lini akicheka hivyo. Nilifurahi sana, nikapiga makofi, na kwa kuwa nilikuwa na glavu hakuna aliyesikia.

Akaja akasimama mbele yangu, akainua kioo cha kofia. Akasogea mbele kwenye kiti, akapigapiga nafasi ya nyuma.

"Get on."

Nilikuwa nimeandaa uongo tangu Frederick. Nikamwambia mgongo unanisumbua.

"Shamte aliniambia," akasema. Ilikuwa kwa Kiswahili, na mwaka ulikuwa bado mchanga. "Aliniambia hizi ni za mtu mmoja. Akaniambia kulikuwa na zingine za watu wawili, na wewe ukakataa."

"Zile ni nzito kwako. Ungelazimika kwenda pole pole."

"Ningeenda pole pole," akasema. "Si ungeniuliza?"

Hakukasirika. Alikuwa ananieleza tu, kama alivyomweleza Shamte. Nilisimama pale na kilo zangu mia na ishirini nikatafuta la kusema katika lugha zote tatu ninazozijua. Nilikuwa nimeamua kwa niaba yake mara hii pia, na nilidhani safari hii nimepatia.

"Samahani," nikasema. "Ya mwaka jana pia. Ilikuwa mimi."

"Najua, Baba."

"Nenda. Usiende pole pole."

Akanitazama kidogo zaidi, akateremsha kioo, akaondoka kuelekea msituni. Kwenye kona ya kwanza aliegemea kushoto, skii zikageuka, mashine ikageuka nazo, na sikumwona tena. Niliisikiliza injini mpaka nikawa sina hakika kama bado naisikia. Nilitaka arudi, na sikutaka apunguze mwendo.